Nitachelewa Kidogo

Mpanda,
Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mama Verdiana,
Masjala, Kituo cha Mpunga, Majimoto.

Shikamoo mama.

Naitwa Hadia Yunusi, ofisa TEHAMA mpya hapa makao makuu ya chuo. Hatujaonana, ila sauti yako naijua, ndiyo ile inayonigombeza kwenye simu kila mtandao wa Majimoto ukikatika. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nimeambiwa barua pepe husomi mpaka mtu akupigie simu kukuambia umeandikiwa. Sasa si bora nimpe tu Celestin dereva akuletee mkononi?

Jambo lenyewe ni hili. Barua pepe zetu zote na kalenda zinakaa kwenye mtambo mmoja nyuma ya kiti changu. Umeme ukikatika unazimika, jua likikaza nauwashia feni. Chuo kimeamua kuhamishia kila kitu kwenye mitambo ya mbali, ile wanayoita ya mawinguni, ambayo mtu anaifungua popote penye mtandao. Wazee wa hapa wananiuliza mvua ikinyesha barua zao hazitalowa? Nimecheka mpaka nimechoka. Tutawafundisha wote kidogo kidogo, na mwisho wa kazi ni tarehe 30 Septemba. Siku hiyo akaunti yoyote ambayo haijathibitishwa inafutwa, na kila kilichomo.

Fomu hiyo hapo. Kituo chenu kina majina kumi na manne. Mbele ya kila jina kuna visanduku vinne: Yupo, Amehama, Amestaafu, Amefariki. Weka alama ya vema kwenye kimoja tu, usaini chini.

Namba tisa, Dokta Sylvanus, naomba unisaidie. Hapa ofisini wanasema alishafariki siku nyingi. Lakini juzi Alhamisi nilituma mwaliko wa mafunzo kwa watumishi wote, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu: "Nitakuwepo." Kuna mtu anaichezea akaunti ya marehemu, mama, na hilo ni kosa. Nakuomba uniulizie huko ni nani.

Mwanao,
Hadia

*

Majimoto,
Ijumaa, 8 Agosti 2025

Binti Hadia,

Marahaba. Fomu nimeipata, na wino wa mashine yenu umefifia, mbadilishe.

Watu kumi na watatu nimewawekea vema. Namba tisa nimemwacha wazi. Hajahama, hajastaafu, na hapa hayupo. Hicho kisanduku cha nne siwezi kukitia kalamu, maana hakuna aliyeniletea maiti.

Namba tisa ni mume wangu.

Alikuwa mwalimu wa udongo na maji. Kila Alhamisi saa moja asubuhi alikwenda mto Kavuu, kwenye mti wa vipimo aliousimika mwenyewe pale kivukoni, akasoma kina cha maji kwa mita, akarudi kukiandika kwenye kalenda ya kompyuta. Alhamisi ya tarehe 17 Machi 2022 mto ulikuwa umefurika. Pikipiki yake tuliikuta ukingoni imesimamishwa vizuri, kofia yake imetundikwa kwenye usukani. Tulitafuta siku kumi na moja. Wengine wakasema mamba, wengine wakasema maji, na wapo waliosema amekimbilia kwa mwanamke Sumbawanga. Hao wa mwisho ndio niliowapenda.

Uelewe pia kwamba Sylvanus ni mtu wa kuchelewa. Siku ya harusi yetu alichelewa saa moja na nusu, padre akawa anauliza chakula kiko wapi. Kwa hiyo kumsubiri nimezoea.

Habari ya kujibu mialiko, mitambo ni yenu, mnaijua wenyewe.

Verdiana, Mama Agatha

*

Mpanda,
Jumanne, 12 Agosti 2025

Shikamoo Mama Agatha.

Jamani, nisamehe. Nimesoma barua yako nikatamani ardhi inimeze. Nimemwandika mume wa mtu kama karai lililopotea stoo, na hakuna hata mmoja wa hapa aliyeniambia. Pole sana mama. Nilimsomea baba yangu dukani, akafunga daftari lake, akasema, "Kufiwa kuna mwisho. Kupotelewa hakuna." Amekutumia sukari kilo mbili, Celestin anayo.

Lakini kazi ni kazi, na mkuu wangu ameshaiona namba tisa. Nimetazama kumbukumbu za mtambo. Akaunti ya Dokta inafunguliwa kila Alhamisi saa moja asubuhi, miaka mitatu na miezi hii, haijaruka hata wiki moja. Inafunguliwa kwenye kompyuta ya masjala ya Majimoto. Mama, masjala hapo mpo wangapi?

Niambie tu ukweli. Sitakuripoti, wallahi.

Hadia

*

Majimoto,
Jumanne, 19 Agosti 2025

Mwanangu Hadia,

Mshukuru baba yako. Sukari nimepokea, na maneno yake nimeyapokea zaidi.

Masjala nipo peke yangu.

Nyie watoto wa siku hizi mnasema neno la siri ni la mtu mmoja. Sisi hatukufundishwa hivyo. Hapa mkubwa anamwachia karani neno lake la siri kwenye kikaratasi chini ya kibodi, na karani ndiye anamfungulia barua, anamjibia, anamkubalia mikutano. Miaka tisa nilimjibia Sylvanus. "Nitakuwepo." Halafu namfuata majarubani kwenye mpunga kumwambia una mkutano, anasema, "Haya, waambie nitachelewa kidogo." Alipopotea, mialiko iliendelea kuja. Wiki ya kwanza nilijibu kwa mazoea. Ya pili nikajaribu kuacha, nikaona nimemfukia kwa mkono wangu. Basi nikaendelea. Kila Alhamisi nafungua, pale pa kina cha maji naacha wazi, nafunga. Ndiyo dhambi yangu yote.

Sasa nikwambie kinachonikaba. Shemeji yangu Hezron, mkubwa wa ukoo, amechoka. Kwao mtu akipotea asionekane, wanakata mgomba wa urefu wake, wanauvika sanda, wanauzika kwa jina lake, ndipo roho inatulia na matanga yanaanuliwa. Anataka tufanye Jumamosi ya tarehe 27 Septemba kabla mvua hazijaanza. Anasema mdogo wake anazurura kwa sababu yangu. Nikikubali halafu siku moja akaingia mlangoni, nitakuwa nimemzika mtu hai. Nikikataa na kweli amekufa, nitakuwa nimemnyima kulala. Usiku na mchana ni hilo tu, Hadia. Hata chakula sisikii ladha yake.

Nakuomba umvushe. Mhamishe na wenzake huko mawinguni, usimwache nyuma, mpaka nijue moja.

Mama Agatha

*

Mpanda,
Jumanne, 26 Agosti 2025

Shikamoo mama.

Nimemvusha. Jumamosi iliyopita tumehamisha watu wote, na namba tisa yumo. Kwa mkuu nimeandika "bado inathibitishwa," na hilo si uongo.

Mafunzo yamekuwa vituko. Profesa mmoja, simtaji, amejaza kalenda yake mikutano mpaka mwaka 2031 kwa kubonyeza "kila siku" bila kujua, sasa simu inamlilia kuanzia alfajiri, mkewe kaja hapa kulalamika. Mwingine ameuliza huko mawinguni anayesoma barua zetu ni nani. Nikamjibu hakuna, baba, ni mitambo tu. Akasema, "Mitambo ya nani?"

Maneno ya siri ya zamani yamekufa yote. Kila mtu ana jipya, limefungwa kwenye bahasha yenye lakiri. Celestin anakuletea bahasha kumi na nne. Ya Dokta imo. Mimi mwenyewe silijui neno lililomo, mashine inalichapa na kulikunja. Ni juu yako kuifungua.

Hadia

*

Majimoto,
Ijumaa, 5 Septemba 2025

Mwanangu,

Mungu akubariki. Sikutegemea ungenifanyia na hili.

Bahasha ya Sylvanus sikuifungua. Niliishika mkononi, nikasema, Verdiana, basi, mwache mwanamume apumzike. Nikaitia kwenye mfuko wa shati lake jeupe lililoko kabatini, nikafunga kabati. Nikamtumia Hezron ujumbe kwamba nimekubali, tarehe 27 tuzike mgomba. Nililia mpaka Agatha akaogopa.

Siku hiyo hiyo, Alhamisi ya wiki iliyopita, nikafungua kalenda yangu kama ulivyotufundisha kwa simu. Kalenda za kituo sasa zinaonekana kwa wote, na kwenye mstari wake, pale pa kina cha maji nilipopaacha wazi miaka mitatu, nikaona umemwandikia: "Kina 1.1." Na jana tena: "Kina 0.9." Umejuaje kwamba aliandika hivyo, neno moja na tarakimu, bila salamu? Najua unataka kunifariji. Umenifariji kweli, ila sasa inatosha, usije ukaingia matatani na mkuu wako.

Kitu kimoja tu. Watumishi hapa hawaruhusiwi kuondoka kazini mpaka shughuli iwe kwenye hiyo kalenda mpya. Tuwekee mazishi, tafadhali. Jumamosi tarehe 27, saa nane mchana, nyumbani kwa Hezron.

Mama Agatha

*

Mpanda,
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mama,

Sijui nianzeje. Si mimi.

Nilipoona zile tarakimu nilidhani ni wewe. Nilisema moyoni, mama kafungua bahasha, sawa, ni haki yake. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa.

Nimetazama kila mahali. Akaunti ya Dokta haijafunguliwa hata mara moja tangu tuhamie. Neno lake jipya la siri halijatumika, mtambo ungeniambia. Nimefikiri labda ni maandishi yake ya zamani yamechelewa kuhama, yakaangukia tarehe za leo. Nikayafungua yote ya zamani, tangu mwaka 2013. Hakuna wiki mbili za Agosti na Septemba zenye 1.1 ikifuatwa na 0.9.

Mwenzangu anayekaa meza ya pili amehamishia kiti chake dirishani. Mimi ni Mwislamu, mama, naamini aliyekufa ana mambo yake na sisi tuna yetu. Lakini jana nimesoma Ayatul Kursi kabla ya kuwasha kompyuta, na sioni aibu kukwambia.

Niifunge? Sema neno moja tu, naifunga leo leo.

Hadia

*

Majimoto,
Jumanne, 16 Septemba 2025

Hadia,

Usiifunge.

Ulivyoniandikia si wewe, nilikaa na barua mapajani mpaka chai ikapoa. Halafu nikapanda boda mpaka kivukoni Kavuu. Mti wake wa vipimo bado upo, umeinama kidogo. Maji ya hapo yamekauka, mchanga mtupu, ndama anavuka bila kulowa kwato. Lakini Alhamisi ameandika "Kina 0.6." Nimeona kwenye kalenda.

Kwa hiyo hapimi pale kivukoni.

Nikamuuliza mwenye boda, mwenyeji wa hapa, ni wapi kwenye mto huu kungali na maji ya kumfika mtu mapajani. Akasema ni sehemu moja tu, dimbwi la viboko, kule chini mto unapopinda. Mwaka ule tulipotafuta, pale hatukuingia. Nani angeingia? Viboko walikuwa wamejaa. Sasa dimbwi linapungua kila wiki, na viboko wenyewe wameanza kuhama.

Mwanangu, sina elimu ya mitambo yako, lakini masjala nimekaa miaka ishirini na mbili, na faili nikilisoma nalielewa. Sylvanus ananiambia maji yaliyo juu yake yamebaki kiasi gani.

Nimemwendea Hezron nikamwomba asogeze mazishi wiki mbili, dimbwi likauke kwanza. Alinitazama kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniumiza. Akasema, "Shemeji, mgomba umeshachaguliwa, ng'ombe ameshanunuliwa, na mimi siahirishi mazishi ya ndugu yangu kwa maneno ya kompyuta." Sikubishana. Nilirudi kwa njia ya mtoni, nikaongea na mfugaji mmoja wa Kisukuma anayenywesha ng'ombe upande ule, Bwana Masanja. Nikamwambia, ukiona kitu usikiogope, ni mtu wangu. Hakuniuliza nimejuaje.

Hayo mazishi umeyaweka kwenye kalenda?

Mama Agatha

*

Mpanda,
Jumanne, 23 Septemba 2025

Mama yangu,

Niliyaweka jana. "Mazishi, Jumamosi 27 Septemba, saa nane mchana, kwa Mzee Hezron, Majimoto." Jina la marehemu sikuliandika, mkono ulikataa. Nikachagua watumishi wote wa kituo kwa pamoja, kama ninavyofundisha watu kila siku, nikatuma. Ni baada ya kutuma ndipo nilipokumbuka kwamba namba tisa naye ni mtumishi wa kituo. Nimemwalika, mama. Kwa haraka zangu nimemwalika mtu kwenye mazishi yake.

Watu kumi na mmoja wamekubali. Wawili hawajajibu.

Yeye amejibu saa ile ile: "Nitakuwepo. Nitachelewa kidogo."

Hayo maneno ya pili wewe hukuwahi kuyaandika kwenye kalenda, nimetafuta miaka yote. Uliniambia alikuwa akikwambia kwa mdomo tu, kule majarubani. Mimi nimeyajua kwenye barua yako, na barua zako ninazo ndani ya begi langu, hapa ofisini hajazisoma mtu.

Alhamisi iliyopita ameandika 0.3.

Nilitaka kuja kukushika mkono. Baba kanikataza, na kusema kweli naogopa mwenyewe. Nitakuwa hapa na kalenda imefunguliwa, nakuombea. Jikaze mama.

Hadia

*

Majimoto,
Jumatatu, 29 Septemba 2025

Mwanangu Hadia,

Kaa kitako ndipo usome.

Alhamisi nilifungua kalenda. Aliandika: "Kina 0.0."

Jumamosi watu walijaa kwa Hezron. Mgomba ulikuwa umekatwa kwa urefu wake, wameuvika sanda, wameulaza kwenye mkeka sebuleni, na mimi nimekalishwa pembeni yake na khanga kichwani. Hadia, sitaficha, niliona aibu na niliona hasira. Wanawake wanalia kumlilia mgomba, unatoa maji, sanda inalowa, na mimi macho yangu yako njiani. Saa nane ikafika, katekista akaanza. Nikamwambia Hezron, tusubiri kidogo. Akasema, tumesubiri miaka mitatu. Wakaunyanyua. Wakaupeleka kaburini. Nikashika kamba mojawapo, nikawaambia mkishusha mnanishusha na mimi. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mke wa Sylvanus sasa amerukwa na akili. Katekista, Mungu ambariki, akasema basi tuimbe. Wakaimba nyimbo zote walizokuwa nazo, wakarudia. Jua linachoma, wengine wakaanza kuondoka.

Saa tisa na nusu gari la polisi likaingia uwanjani. Nyuma amekaa Bwana Masanja, na miguuni pake turubai limefungwa vizuri.

Aliwakuta ng'ombe wake asubuhi wamesimama kulizunguka dimbwi, hawanywi. Limekauka katikati. Mifupa ilikuwa imelala chini ya gogo, mguu mmoja bado uko kwenye buti, na shingoni kamba ya kitambulisho cha chuo, plastiki imepauka lakini jina linasomeka. Akakumbuka maneno yangu, hakuogopa, akaenda kutoa taarifa. Polisi wamemwandika Sylvanus, wamempima, wakamwachia. Hicho ndicho kilichomchelewesha.

Saa moja na nusu, Hadia. Kama siku ya harusi.

Hezron alipiga magoti mbele ya watu wote. Mgomba wakautoa, wakauweka chini ya ukuta. Nikaomba dakika moja, nikaenda nyumbani, nikaleta lile shati jeupe, nikamfunika nalo kabla ya sanda. Bahasha yako imo mfukoni, lakiri haijavunjwa. Sikulia nikiwa pale. Nimelia jana, kilio kizuri, na baada yake nimekula ugali na samaki nikasikia ladha yake.

Nakala ya fomu niliyobaki nayo nakutumia. Namba tisa nimeweka vema kisanduku cha nne na nimesaini. Sasa ifunge, mwanangu. Ahsante kwa kunivushia.

Verdiana, mjane wa Sylvanus

*

Mpanda,
Jumanne, 30 Septemba 2025

Shikamoo mama.

Innalillahi wa inna ilayhi raji'un. Barua yako nimeisoma na baba, tumelia wote wawili dukani, mteja akadhani tumefiwa sisi.

Nimeifunga saa saba mchana, baada ya adhana. Lakini kabla ya kuifunga niliifungua kwa ruhusa yangu ya ofisa, mara moja tu, maana kazi yangu inanidai nihakiki. Alhamisi zote za mbele za kupima kina, ambazo zilikuwa zimejipanga bila mwisho, hazipo. Zimeondolewa moja moja. Si mimi, na nakuapia sitakuuliza kama ni wewe, kwa kuwa bahasha najua ilipo.

Nikarudi nyuma mpaka tarehe 17 Machi 2022. Siku hiyo nimeitazama mara nyingi tangu Agosti, na siku zote palikuwa patupu. Leo pameandikwa: "Kina 3.2. Nimemaliza."

Nimelichapa hilo kwenye karatasi, wino tumebadilisha. Litunze masjala, kwenye faili lake.

Mwanao,
Hadia